Maziwa ya Mahameni

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote. Natangulia kusema hivyo kwa sababu kila nikisimulia hakosi mtu wa kuuliza, "Babu, ulikuwa umekunywa?" Nilikuwa nimekunywa, ndiyo. Lakini si pombe.

Ilikuwa miaka ya sabini, muda mfupi baada ya watu kuhamishwa kutoka milimani na kupangwa katika vijiji vipya kando ya barabara. Nilikuwa karani Kibondo, kijana mwenye cheti cha kidato cha nne, viatu vya kung'aa na tumbo bovu. Tumbo gani lile! Lilijaa kama ngoma, likanguruma katikati ya mkutano, likanikata, kisha likanikimbiza vichakani bila kujali cheo changu. Lilianza nilipomposa Skolastika, na mwaka wa pili ulikuwa unakwisha.

Baba yake, Mzee Rusimbi, alikuwa na ng'ombe wengi na macho makali. Siku moja aliniona natoka vichakani kwake kwa mara nyingine, akaniketisha.

"Mkwe, unaumwa nini?"

"Sijui, baba."

"Hujui? Simtoi binti yangu akauguze sijui. Nenda katafute jina la ugonjwa. Ukirudi nalo tutaongea. Usiporudi nalo, yuko mwalimu mmoja wa Kasulu ameshaulizia."

Ungefanya nini? Nilitafuta. Zahanati walinipa dawa ya minyoo, nikatapika kila kitu isipokuwa minyoo. Mganga wa kienyeji alininyonya tumbo kwa pembe, akatoa nyoya la kuku, akasema nimelishwa uchawi. Akauliza pombe huwa nakunywa kwa nani. Nikamtaja mama mmoja aliyepika pombe ya ndizi jirani na ofisi yetu. Maneno yakatembea, wateja wakamkimbia, naye akahama. Baadaye nilimtafuta nimwombe radhi, sikumpata. Hilo linaniuma mpaka leo, na halina dawa.

Mwisho nilikwenda hospitali moja upande wa Kasulu. Daktari alinibonyeza, akanipiga picha, choo changu kikapimwa. Akauliza nakula nini. Nikamtajia ugali wa muhogo, maharage, ndizi, dagaa.

"Tumbo lako ni zima, kijana. Nenda nyumbani."

Niamini, katika wodi ile nilikuwa mtu pekee aliyelia kwa kuambiwa ni mzima.

Nikapanda lori la mizigo kurudi Kibondo. Baada ya saa kadhaa likaharibika katikati ya miyombo. Dereva akaingia uvunguni na spana zake, kisha akatoa kichwa.

"Karani, sogea mbali. Hilo tumbo lako linanichanganya, nadhani injini imewaka."

Nikapanda kilima, nikajikuta mahameni, moja ya sehemu ambako watu walihamishwa. Migomba ilikuwa bado imesimama, lakini nyumba zilikuwa zimeanguka mapaa. Moja tu ilikuwa nzima. Mbele yake mama mwembamba sana alikuwa anakamua ng'ombe mwekundu mwenye pembe ndefu. Aliponiona alipiga makofi taratibu, kama desturi yetu Waha, akaanza salamu: habari za nyumbani, za mifugo, za mvua, za wagonjwa, za waliotutoka. Kisha akanipa maziwa yenye joto la kiwele katika chombo cha mti.

Nikapokea kwa mikono miwili, nikayamaliza. Ningekataaje? Kwetu maziwa si chakula, ni heshima. Mposaji hupewa maziwa, na kuyakataa ni kuwatukana ng'ombe na wenye ng'ombe. Kwa Mzee Rusimbi nilikunywa kibuyu kizima kila nikienda, na vingine alinitumia ofisini.

Yule mama aliangua kicheko mpaka ng'ombe akageuza kichwa.

"Weee! Umekunywa tena?"

"Nimekosea, mama?"

"Daktari alipokuuliza unakula nini, uliyataja maziwa?"

Sikuwa nimemwambia habari za daktari yeyote.

"Hukuyataja," akasema. "Hata mimi sikuyataja. Niliolewa penye ng'ombe. Nikanywa kwa adabu, nikaharisha kwa adabu, nikakonda kwa adabu, nikafa kwa adabu."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa kimama.

"Sikiliza, mwanangu. Tumbo lako halina ugonjwa. Halitaki maziwa, basi. Yaache mpaka mwezi huu ufe na mwingine uandame, uone. Na ukimwona Kanyoni, mwambie mama yake hakulogwa na mtu."

"Kanyoni ndiye nani?"

Honi ya lori ikalia. Niligeuka kutazama barabarani kufumba na kufumbua tu. Nilipogeuka tena palikuwa na ukuta ulioanguka, majani marefu na rundo la mawe ya kaburi. Hapakuwa na ng'ombe, hata alama ya ukwato wake. Niliteremka kile kilima kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, bila kuaga wala kushukuru.

"Karani, umeona simba?" dereva akauliza.

"Washa gari."

"Na tumbo je? Mbona silisikii?"

Kweli, lilikuwa kimya. Maziwa yote yale, na likakaa kimya mpaka Kibondo. Yalikuwa maziwa gani yale?

Nilitii. Kila kibuyu cha Mzee nilimpa mlinzi wa ofisi, naye akanenepa. Mwezi ukafa, mwingine ukaandama, tumbo langu likawa tulivu kama la mtu mwingine. Nikajipima kwa kikombe kimoja cha maziwa ya kweli. Sitaeleza yaliyofuata.

Nikaenda kwa Mzee Rusimbi. Kibuyu kilikuwa tayari mkononi mwake.

"Umeleta jina?"

"Jina sina, baba. Nina chanzo. Ni maziwa yako."

"Ng'ombe wangu wamekulisha sumu?"

"Hapana, baba. Ng'ombe ni wazuri. Tumbo langu ndilo halina adabu."

Nyuma ya mlango nilimsikia Skolastika akijizuia kucheka. Mzee hakucheka.

"Nani kakujaza upuuzi huo?"

Mawazoni nikamwona yule mwalimu wa Kasulu amekwishavaa suti. Basi nikasimulia yote: mahame, mama mwembamba, ng'ombe mwekundu, na ujumbe wa huyo Kanyoni nisiyemjua, kwamba mama yake hakulogwa na mtu.

Mzee akaweka kibuyu chini.

"Rudia jina hilo."

Nikarudia.

"Mtu mmoja tu aliniita hivyo," akasema polepole. "Tulimzika kule juu nikiwa sijaota ndevu."

Akachukua fimbo, akatoka. Skolastika akachungulia. "Kimbia, pengine anafuata panga!"

Hakufuata panga. Alikatisha kijiji mpaka nyumba ya bibi mmoja, mke mwenza wa mama yake. Ukoo mzima ulikuwa ukimwita bibi huyo mchawi tangu kifo kile, na Mzee hakuwahi kumsalimia. Tulimfuata kwa mbali, tukamwona akipiga magoti mlangoni, akipiga makofi, akitoa salamu yote bila kuruka neno. Bibi alimwacha amalize.

"Umechelewa, Rusimbi," akasema. "Ingia, jua kali."

Siku ya harusi yetu bibi huyo aliketi mbele, akacheza kuliko vijana.

Mpaka leo nanywa chai ya rangi, na watoto wangu watatu wamerithi tumbo hilo. Kila kiangazi tunapanda kile kilima kufyeka kaburi la mama yule. Nashukuru kwa sauti, maana siku ile nilikimbia. Hakuna anayejibu, ila mara nyingine hunukia maziwa mabichi, na ng'ombe hawachungwi tena upande ule.

Nawe unayesoma, daktari akikuuliza unakula nini, taja vyote, hata vile unavyopewa kwa heshima. Na tumbo likikuuma, usitaje jina la mtu. Yule bibi alizeeka bila kusalimiwa, na kosa lilikuwa kwenye kibuyu.