Waziri wa Ufaransa Aliyemkosa Mama Yake

Ninyi wajukuu zangu, na watoto wa jirani mtakaosoma haya, someni mkiwa mmekaa. Shule niliishia la nne, sitawapambia maneno.

Nakumbuka siku moja ya mvua hapa Rhotia. Nilikuwa mpishi kwenye loji ya watalii, sina hata unywele mmoja mweupe. Tulikuwa na mgeni mzee kutoka Ufaransa, tukimwita Mheshimiwa. Alipenda kuja jikoni kula maharage yangu, pamoja na Yohana, dereva wake, aliyekijua Kifaransa. Siku hiyo akatusimulia maisha yake.

Alizaliwa kwa wakulima. Akawa meya wa mji wao, halafu mbunge, halafu waziri. Chama chake kilikuwa cha watu wasiotaka mambo ya zamani yaguswe: kanisa, ndoa, shamba la baba. Miaka yote alihubiri jukwaani kwamba mtu kwanza ni nyumbani kwao. Wiki ya uchaguzi mama yake akamwita, yuko mahututi. Akasema ngoja amalize mikutano. Kiti alikipata. Alipofika nyumbani, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Baadaye wapiga kura wakamtupa, na simu yake ikanyamaza.

Mimi na mdomo wangu nikacheka. "Yohana, muulize, huko kwao hakukuwa na jirani wa kumvuta shati?"

Mzee akafuta sahani kwa mkate, akajibu taratibu.

"Anasema majirani walikuwa wanampigia makofi," Yohana akatafsiri.

Mwanangu, ungedhani nilisikia funzo hilo. Wapi! Kesho yake, Jumatano, kaka yangu Paskali akaja na bodaboda kutoka Endabash, matope hadi magotini. Mama hali mbaya. Kwetu, mama akijiona anaondoka humwita binti mkubwa, akamwekea mkono kichwani na kumwachia nyumba. Binti mkubwa ni mimi.

"Mwambie nakuja Jumamosi," nikamjibu. "Mgeni wangu hali chakula cha mwingine. Ni waziri huyu."

"Waziri wa wapi?"

"Wa Ufaransa."

"Haya dada. Mama akifa, akulilie huyo Mfaransa."

Akaondoka. Nami nikarudi kukaanga vitunguu. Msinionee huruma kwamba kazi ilinibana. Meneja hata sikumuuliza. Ni kiburi tu, nilipenda kusifiwa na wazungu.

Paskali hakurudi tena. Ijumaa muuza maziwa ndiye aliyenipa pole, akidhani najua: mama amefariki jana, wanazika leo. Mheshimiwa alipoambiwa na Yohana kwamba nimeitwa tangu juzi, aliinuka. Aliacha safari yake ya kwenda kreta kutazama wanyama, akatuonyesha gari kwa kidole.

Tulifika watu wanarudi kutoka kaburini, wananawa udongo. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyewekewa mkono, maana mama hakuweza kuningoja. Mimi nikashuka kwenye gari la watalii na aproni yangu. Shangazi akanitazama juu mpaka chini.

"Karibu, mgeni," akasema.

Mzee alibaki garini, kofia magotini, machozi yanamtoka na hajifuti.

Mpaka leo ugomvi ukitokea kwetu, anaitwa mdogo wangu. Mimi naambiwa yakishakwisha. Sina wa kumlaumu.

Mwanangu, kazi fanya, cheo tafuta, hata uwaziri ukiuweza. Ila usijidanganye kwamba kuwasifu wazazi ni kuwatunza. Yule mzee aliwasifu kuliko padri. Wala usimwambie mgonjwa akungoje mpaka upate nafasi, kwani yeye hana nafasi ya kukupa. Na kosa la mwenzako likikuchekesha, nyamaza kwanza, ujitazame.

Mungu awape masikio ambayo mimi sikuwa nayo. Awafikishe kwa wazazi wenu wangali wanawatambua.

Hapa nyumbani kwangu nimeshatoa amri, hata mkwe wangu anaijua: mgonjwa akikuita kwa jina, zima jiko, acha sufuria hivyo hivyo, toka uende. Chakula kikiharibika, nitakimwaga mimi.