Banda la Atupakisye na Mbwa wa Jirani

Atupakisye alipoacha kuchuma chai kwa sababu ya magoti, watu wa Kawetele walidhani sasa atakaa jikoni aote moto. Yeye akanunua mitetea. Muuza chipsi mmoja wa Tukuyu mjini alishamwambia kwamba kila yai atakaloleta atalichukua, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa banda tu. Akakata mianzi nyuma ya migomba, akajenga mwenyewe, akashika kiuno na kuliona zuri.

Halikumaliza hata mwezi. Jumapili moja alirudi kutoka ibadani akakuta mianzi imetawanywa, manyoya yametapakaa mpaka kwenye shina la mparachichi, na mtetea wake mweusi, aliyekuwa akiatamia, hayupo. Nyayo zilionekana wazi kwenye tope, nazo zilikwenda moja kwa moja mpaka kwa jirani yake, mzee Andongwisye.

Alimkuta amekaa kwenye kigoda anamenya viazi, na mbwa wake wawili wamelala pembeni, wametulia kama wageni wa heshima.

"Mbwa wangu?" Andongwisye alishangaa. "Mbwa wangu wanakula ugali kwa maziwa ya mgando, Mama Lusungu. Mbwa aliyeshiba hivyo akimbizane na kuku? Huyo ni kicheche."

"Kicheche ana nyayo kubwa vile?"

"Wapo vicheche wakubwa."

Atupakisye aliondoka upesi, kabla hajatamka neno lisilomfaa mtu aliyetoka kanisani muda huohuo.

Safari ya pili akamwita fundi. Rahim, mwenye karakana ya useremala pale mjini, alikuja na mabanzi, bati na wavu wa kuku. "Nataka banda ambalo mbwa haingii," Atupakisye alimwambia. "La mapambo sitaki." Rahim akamjengea banda la kusimama mtu ndani, lenye mlango mzito na komeo la mbao linalojidondokea lenyewe kwa nje. Aliubamiza ule mlango tena na tena ili mama asikie linavyolia. "Hata ukisahau kufunga, lenyewe linafunga," alisema kwa majivuno.

Mbwa hawakuugusa mlango. Mvua ilinyesha, udongo ukalainika kama uji, nao wakachimba chini ya mabanzi wakatokea ndani. Atupakisye akahesabu kuku waliobaki, akampigia Rahim simu.

"Mama, uliniambia wasiingie," Rahim alijitetea. "Hukuniambia kama hao wanachimba."

"Kwa hiyo nilipaswa kuwauliza kwanza watapitia wapi?"

Akafukia vipande vya chupa kuzunguka banda, mvua ikavizamisha. Akamwaga pilipili kichaa ya kusaga. Kuku wakaidonoa yote bila hata kupiga chafya, na yeye ndiye aliyeshinda anatokwa machozi. Kila mara alikuwa akisikia sauti ya Andongwisye kutoka ng'ambo ya ua wa matete: "Bado kicheche tu, mama?" Wallahi angeapa kama dini yake ingemruhusu.

Aliyemsaidia ni Veronika, mfugaji wa Isongole waliyekutana sokoni. "Mbwa anachimba pale ukuta unapogusa ardhi," Veronika alimweleza. "Hafikirii kurudi nyuma hatua moja aanzie huko. Wewe ulaze wavu chini, utoke nje ya ukuta kama mkeka, uufunike kwa udongo na mawe. Akichimba, kucha zinakutana na waya."

Atupakisye alichimba na magoti yake yaleyale mabovu. Alilaza wavu pande tatu, ukabaki upande wa mgombani. Akaingia bandani na nyundo ili aushikize wavu kwa ndani. Upepo ukaja kutoka mlimani, mlango ukabamizwa, na komeo la Rahim likafanya kazi yake.

Alisukuma. Alipiga bega. Mlango ulikuwa imara kweli. Simu aliiacha nje juu ya jiwe, nayo ikaanza kuita, ikaita mpaka ikachoka. "Lusungu, mwanangu, si sasa," alinung'unika, huku kuku mmoja akipanda mgongoni mwake.

Ndipo mbwa walipokuja. Walipita pande tatu wakinusa, wakafika upande wa mgombani, na yule dume aliyeitwa Kamanda akaanza kazi. Udongo uliruka. Atupakisye alipiga kelele, akagonga mabanzi kwa nyundo. Mbwa alimtazama kupitia wavu, akamtikisia mkia kwa kuwa anamfahamu, akaendelea kuchimba.

Zile kelele zilimleta Andongwisye mbio, jembe begani.

"Mama Lusungu! Unafanya nini humo?" Akanyoosha mkono kwenye komeo.

"Acha! Usifungue."

"Nisifungue?"

"Usifungue kwanza. Zunguka upande ule, utazame."

Mzee alizunguka. Alimkuta Kamanda ameshazama kichwa na mabega chini ya ukuta, makalio tu yako nje, na ndani kuku wamerundikana kichwani kwa Atupakisye wakipiga makelele.

"Huyo kicheche," Atupakisye aliuliza kupitia wavu, taratibu, "anaitwa nani?"

Andongwisye alishusha jembe begani. "Kamanda," alisema mwishowe.

Alimvuta mbwa kwa miguu ya nyuma, akaja kufungua mlango. Atupakisye alitoka na mavi ya kuku kwenye kitambaa cha kichwa. Alingoja aombwe radhi. Mzee alitazama chini, akachokoa tope kwa ncha ya jembe.

"Ng'ombe wangu alikauka maziwa tangu masika," alisema. "Nawapa makombo, na makombo yenyewe haba. Niliona aibu kusema."

"Ukaona heri kumsingizia kicheche."

"Nisamehe, mama."

Hasira haikumtoka yote, lakini alimkabidhi nyundo. Andongwisye alileta mawe kwa toroli, wakaumaliza upande ule wakibishana kuhusu kila jiwe linapokaa. Tangu hapo mbwa wake hufungwa. Siku wanazokata kamba huja, huchimba, kucha hukwama kwenye waya, hurudi nyumbani wakichechemea kidogo.

Majuzi mzee alikuja kwa adabu zote, kofia mkononi, akaomba auziwe mtetea mmoja aanze kufuga.

Atupakisye alimtazama kuanzia juu mpaka chini. "Na mbwa wale? Kajenge banda kwanza," akasema, akarudi ndani kuokota mayai.