Maziwa ya Nyuzi Hamsini

Mama Pacha ndiye aliyeyaanzisha maneno hayo, bombani, siku maji yalipokuwa yanatoka kama uzi. Aliniinamia kama mtu anayetaka kuninong'oneza, halafu akasema kwa sauti ambayo hata wa mwisho kwenye foleni aliisikia.

"Mama Pipi, wewe si ndiyo unapakana naye ukuta? Yule mzee anamchoma mkewe."

"Nani, Mzee Povu?"

"Kwani kuna mwingine? Nimeuona mdomo wa yule mama kwa macho yangu haya. Umebabuka kama nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Kachoka kuuguza, anataka amalize kazi." Akawageukia wenzetu. "Na kila asubuhi utasikia namba zinasomwa mle ndani. Arobaini, arobaini na mbili. Anamhesabia siku!"

Watu wakacheka. Mimi nikainamia ndoo yangu nikajifanya natoa jani, na ndoo yenyewe ilikuwa haijaingia hata tone. Namba zile nilikuwa nazijua ni za nini. Ningeweza kusema pale pale, mbele ya wote. Sikusema. Nikangoja zamu yangu, nikateka, nikaenda zangu.

Mzee Povu jina alipewa kazini. Miaka thelathini na moja alisimama nyuma ya kaunta ya kahawa kwenye hoteli kubwa, kazi yake kupiga maziwa mpaka yafanye povu laini lisilo na mapovu makubwa. Wenzake wakubwa kwa wadogo walikuwa wakimwita aje aonje, aseme kama yamefika. Lakini hakuwa mtu wa kuonja. Alikuwa analaza kiganja ubavuni mwa jagi la chuma, anasubiri. "Kiganja kikisema niachie, hapo hapo unaachia," alinieleza. "Usibishane nacho."

Mkewe alikuwa akisafisha vyumba vya ghorofa ya nne. Saa kumi jioni akimaliza anashuka kwa ngazi za nyuma na viatu mkononi, miguu imevimba, na pale chini anakuta kikombe kinamsubiri. Yeye mwenyewe aliwahi kunisimulia, enzi hizo bado anazungumza, tunaanika nguo. "Wenzangu walitongozwa kwa barua. Mimi nilitongozwa kwa povu. Lile funda la kwanza, mwanangu, nilikuwa nafumba macho. Akadhani nampenda yeye, kumbe ni kahawa!" Mzee alikuwa ndani, akapiga kelele dirishani, "Na miaka arobaini hii yote ni kahawa?" Bibi akacheka mpaka kibanio cha nguo kikamdondoka.

Kisha kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukalala, maneno yakaondoka. Uji akawa anautema, supu anageuza uso. Kikombe cha mumewe tu ndicho alichokinyooshea mkono wa kushoto, na akinywa funda la kwanza anafumba macho vile vile. Daktari akasema basi, mradi anapata maziwa, apewe hayo hayo, na mkate uloekwe humo. Kwa hiyo lilipo povu ndipo palipokuwa na uhai wa bibi.

Kitu ambacho mzee hakumwambia mtu ni kwamba sukari ilikuwa imeanza kumla mishipa. Ganzi ilianzia vidole vya miguu, ikaja kwenye mikono. Asubuhi moja aliweka jagi kwenye jiko la gesi kama siku zote, akalaza kiganja, akasubiri kiseme. Hakikusema. Akaendelea kusubiri.

Siku hiyo alikuja mlangoni kwangu kuniomba mafuta ya kupaka mtu aliyeungua. Nikamuuliza, "Ni mkono, mzee?" maana niliona lengelenge kubwa kama sarafu katikati ya kiganja. Akautazama ule mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyesahau kuuchukua.

"Si mimi," akasema. "Ni mama yenu."

Nilimkuta bibi kitini, mdomo wa chini umevimba. Asingeweza kupiga kelele, asingeweza kukitupa kikombe. "Nilimwona anatoa chozi," mzee akaniambia, amesimama nyuma yangu. "Nikadhani amekumbuka kitu. Nikamwongezea funda la pili."

Nilipaka mafuta, kwanza mdomo wa bibi, kisha kiganja cha mzee, naye hakushtuka hata nilipokigusa kidonda.

Wiki ile ile akanunua kipimajoto, kile cha sindano ndefu chenye uso wa mviringo kama saa, kinachoning'inia kwenye ukingo wa jagi. Mvuke ulikuwa unamtia ukungu kwenye miwani, akaniomba nije nimsomee mshale, maziwa yaishie nyuzi hamsini. Nikawa naenda kila asubuhi, Pipi mgongoni.

"Thelathini na nane."

"Endelea."

"Arobaini. Arobaini na mbili. Arobaini na tano."

Hapo anazima moto. Mara ya kwanza nikamwambia, mzee, si umesema hamsini? Akatikisa kichwa. "Mshale mzito, mama. Huko ndani maziwa yameshatangulia, na chuma bado kina moto wake. Ukingoja uone hamsini umeshachelewa." Na kweli, tukawa tunautazama mshale unapanda wenyewe, taratibu, mpaka hamsini, unasimama. Hotelini walikuwa wanafika sitini na tano. Kwa mdomo wa bibi aliamua hamsini.

Kisha anayapiga kwa waya wa kupigia mayai, jagi limeinamishwa kidogo, mpaka yang'ae kama rangi mpya. Analigonga mezani mara mbili ili mapovu makubwa yapasuke. Anamimina juu ya kahawa aliyoitengeneza mapema ikapoa. Na kabla ya kumpelekea bibi, ananiambia nidondoshee tone kwenye kifundo cha mkono, kama alivyoniona nikifanya na uji wa Pipi.

"Vipi?"

"Sawa."

"Sawa ya Pipi au sawa ya bibi?"

"Sawa ya bibi."

"Haya, maana tukimwibia Pipi kipimo chake atatuburuza mahakamani."

Mdomo wa bibi ukaanza kupona. Macho akayafumba tena. Ila Mama Pacha alikuwa ameshapiga simu.

Jumamosi saa nne asubuhi gari la kukodi likasimama nje. Akashuka binti yao, mshonaji wa sare kwenye kiwanda upande wa pili wa mji, kamba ya kupimia nguo bado iko shingoni. Hakuja kwa fujo. Alipiga magoti mbele ya mama yake, akamshika kidevu, akaugeuza uso kwenye mwanga wa dirisha. Ngozi mpya ilikuwa imeota, laini, rangi yake mbali na ile ya zamani.

"Baba, hii ni nini?"

"Maziwa yalikuwa ya moto, mwanangu."

"Na hukuyasikia kwamba ni ya moto?"

Mzee akaviingiza viganja mifukoni. Nilielewa. Akisema mikono imekufa, nani atamwachia mgonjwa?

Binti akanigeukia mimi niliyesimama mlangoni. "Dada, wewe uko hapa kila siku. Niambie ukweli. Alimchoma?"

Nikamtazama mzee. Akanitikisia kichwa, kidogo tu, mikono bado mifukoni.

"Ni kweli," nikasema, "ila..."

"Basi. Inatosha."

Nilikuwa na maneno mengi nyuma ya ile ila. Habari ya kiganja, ya kipimajoto, ya mshale mzito. Lakini yeye alikuwa ameshasimama anatafuta begi.

"Baba, mimi sikuchukii," alisema huku anakunja magauni ya mama yake. "Lakini mama ana mdomo mmoja, na hawezi kusema unauma."

Mzee alisaidia kufungasha. Alitia kitana, dawa, soksi za sufu. Mwisho akatia jagi na kipimajoto. Binti akavitoa, akaviweka mezani bila hasira. "Kwangu vikombe vipo."

Wakati wa kumtoa, mkono wa kushoto wa bibi ulishika fremu ya mlango. Binti akaufungua kidole kimoja kimoja, polepole, huku analia. Mama Pacha alikuwa nje ameshika mapacha wake, huku na huku.

Asubuhi zilizofuata nilisikia gesi inawashwa upande wa pili wa ukuta. Jumatatu nikaenda. Alikuwa amepiga maziwa ya vikombe viwili, mkono umezoea. Akanisukumia kimoja. Nikakinywa chote, povu likanibaki mdomoni, nikajiona kama mwizi.

"Mzee, nisamehe," nikasema.

"Wewe ulisema kweli," akanijibu. "Mimi ndiye niliyekuzuia kuimalizia."

Jana jioni alirudi kutoka kwa binti yake, mabasi mawili kwenda, mawili kurudi. Hakuingia kwake. Alikaa kwenye ngazi yangu, mfuko wa kitambaa mapajani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Pipi kalala?"

"Kalala. Bibi hajambo?"

Akaukunja ukingo wa mfuko. "Hanywi. Siku ya nane leo. Wanampa chai ya vuguvugu kwa kijiko, inatokea pembeni. Uso ameugeuzia ukutani. Shingo imekuwa hivi." Akaonyesha kidole chake kimoja. "Nilimwambia binti yangu habari ya kipimajoto. Akasema, baba, tafadhali, kitu hicho usikilete karibu na mama."

Akanipa mfuko. Ndani mlikuwa na jagi, waya, na kipimajoto kimezungushiwa kitambaa safi.

"Wewe ni mama mwenye mtoto, atakusikia. Mwonyeshe kama ulivyoona kwangu. Mshale ukisoma arobaini na tano azime moto, asingoje hamsini. Ayapige mpaka yang'ae. Agonge mara mbili. Na kwanza adondoshee hapa." Akanishika kifundo cha mkono kunionyesha, akabana kwa nguvu mpaka nikaumia. Hakujua. Nikauacha mkono wangu pale pale.

"Na habari ya mikono yako, mzee, nimwambie?"

"Mwambie. Safari hii mwambie mpaka mwisho." Akaniachia. "Lakini ninachokuomba ni kimoja, mwanangu. Ukishampa, usiondoke haraka. Kaa umtazame akipata lile funda la kwanza. Kama atafumba macho, rudi uniambie."