Tangazo Lililompita

Asubuhi moja nilikuwa kwenye foleni ya betri, Kariakoo. Mbele yangu alisimama kuli wa bandarini na redio yake, iliyonyamaza wiki nzima kwa kukosa betri. Jirani yake akapita, akashtuka kumwona.

“Kumbe bado upo mjini? Nilijua umeshasafiri.”

“Nisafiri kwenda wapi?”

“Hukusikia? Juzi ulitajwa redioni, kwenye matangazo ya vifo. Pole, ndugu yangu. Ni mama. Mazishi yalikuwa jana.”

Kuli akaiinua redio, akaiweka sikioni, akasikiliza. Kisha akatoka kwenye foleni bila kuaga.

“Atarudi huyu?” aliuliza mama mmoja nyuma yangu.

“Harudi,” nikamjibu.

Basi wote tukasogea mbele hatua moja. Na duka lenyewe lilikuwa bado halijafunguliwa.