Mita ya Nyawera na Waya wa Mita Ishirini

Siku yangu ya kwanza kwenye phonie sikuigusa phonie. Kwa ninyi mliozaliwa na simu mkononi, phonie ilikuwa radio ya kusema na kusikiliza: ukiwa Bukavu uliongea na mtu wa Shabunda, msitu mzima kati yenu, bila waya. Nilifagia chumba, nikapanguza betri mbili za lori zilizoilisha mashine, nikazihesabu tena nione kama bado ni mbili. Ilikuwa miaka ya Zaïre, tulipoitana citoyen, yaani raia, na nyumba ya kununua kahawa iliyonichukua ilikuwa Nguba, karibu na ziwa.

Mkuu wa kituo aliongea kama mtu ambaye betri yake inaisha.

"Citoyen, mikro ya kusemea haigusiwe na mutu asiye na karte ya ruhusa. Enda ufanye kwanza examen ya amateur, ile ya bale banaanza. Minakuchungia nafasi miezi tatu."

Nikaomba sita, akabaki tatu. Nikashuka tano, akabaki tatu.

"Na nikianguka, shefu?"

"Nyawera haijahama."

Alijua kwamba nilikuwa nimeuza vitambaa soko la Nyawera miaka sita, na kwamba sikutaka kurudi.

Amateur ni mtu anayeongea hewani kwa kupenda tu. Kununua na kuuza kwenye radio yake ni marufuku (ile ya kahawa ilikuwa na ruhusa yake nyingine), sheria iliyoniuma kuliko zote. Nilijifunza umeme, alfabeti ya kutamka majina herufi kwa herufi, na frekansi. Mke wangu, mama Furaha, aliniuliza maswali huku anachagua maharagwe.

"Frekansi iko nini?"

"Mara ngapi wimbi linatikisika kwa sekunde moja."

"Ulisha kusema vile jana."

"Jana ilikuwa mara ya kwanza."

Sehemu ya mwisho ya mtihani ilikuwa ya mikono: kila mmoja alete antena yake. Hesabu yake si ngumu. Unachukua 142,5, unagawanya kwa frekansi iliyohesabiwa kwa milioni, unapata urefu wa waya kwa mita. Yangu ilitoa ishirini, kumi kila upande. Nilikata waya nyumbani, nikaupima mara mbili kwa mita yangu ya mbao, nikalala vizuri.

Inspekta wa radio alivaa abacost ya kijivu, ile suti ya Zaïre isiyo na tai, suruali imesimama juu kidogo ya viatu. Tulikuwa watahiniwa watatu uani kwake. Nikapandisha antena yangu kwenye nguzo mbili, akaifunga kwenye kipimo cha mshale, kinachoonyesha kama antena inapokea nguvu ya mashine au inairudisha. Mshale mwema unakaa karibu na moja. Wangu ulipita tatu.

"Citoyen, hii waya iko na mita ngapi?"

"Makumi mbili, shefu."

"Ulipima?"

"Mara mbili."

"Pima ya tatu." Akanipa utepe wake wa chuma.

Mita kumi na tisa na sentimita ishirini.

"Panya walikula," alisema mmoja wa wenzangu.

Inspekta akanifungulia mlango wa kutorokea: "Labda mwenye kukuuzishia waya njo alikuibia?"

Ningesema ndiyo. Lakini pande zote mbili zilipungua sawasawa, na Inspekta alijua kuhesabu. Karte yangu ilikuwa mfukoni mwake.

"Hapana, shefu. Ni mita yangu ya mbao. Nilikuwa nauzisha kitambaa Nyawera. Niliikataka vidole viwili kwa ncha, juu ya kuibia bateja."

Inspekta aliangalia chini, pale suruali yake ilipoishia juu ya viatu.

"Kitambaa ya tergal, ya kijivu?"

"Inawezekana, shefu."

"Tengeneza."

Vidole viwili ni sentimita nne; mara ishirini ni themanini. Nikaunga arobaini kila ncha, nikapandisha tena. Mshale ukalala karibu na moja. Akaandika jina langu.

"Umepita," alisema. "Antena tunaweza kuongeza. Suruali, hapana."

Mkuu wa kituo alinipa mikro siku mbili kabla ya miezi mitatu kuisha. Nilikaa Nguba miaka kumi na moja, kisha nikapelekwa Kavumu, kwenye ndege ndogo za kwenda porini. Mkuu wa huko alikuwa mtu wa kelele, lakini hesabu zangu hakuzirudia. Rubani akiuliza uzito wa mizigo, nilipima mizigo, na kabla ya hapo nilipima mizani. Kazi yenyewe nilifunzwa na wengi. Hilo nilifunzwa na ile fimbo ya kupimia vitambaa.

Sasa niko nyumbani, karte iko kwenye fremu. Mita ya mbao pia ninayo, nimeibandikia kipande cha vidole viwili cha mti mweupe. Wajukuu wakiuliza, mama Furaha anawaambia ilivunjika. Pazia za sebule alizishona kwa kitambaa nilichompimia mimi mwenyewe, mwaka tuliooana. Mpaka leo hazifiki chini ya dirisha, na hajawahi kuniuliza.