Fukusi Waliopakwa Rangi ya Kucha

Mwaka niliohamishiwa Susuni nikiwa bibi shamba, mgeni kutoka Lushoto, nilipewa kazi ya kujaribu dawa ya fukusi wa migomba. Mama mmoja mjane alinikubalia shamba lake. Nusu ya migomba niliiwekea dawa shinani, nusu nikaiacha ili tulinganishe.

"Na hii imekukosea nini?" aliniuliza, akionyesha ile niliyoiacha.

Miezi kadhaa baadaye nilitaka pia kujua kama fukusi huhama, maana ni mdudu mzito, hutembea zaidi kuliko kuruka. Basi tukaokota fukusi kadhaa, nikatoa rangi yangu nyekundu ya kucha, tukakaa nje ya jiko tukiwapaka mgongoni, tone mojamoja. Mama alicheka mpaka akamwaga chai.

"Mimi mwenyewe sijawahi kupakwa," akasema, akanyoosha mkono. Nikampaka vidole vyote kumi. Kisha tukawaachia wadudu upande usio na dawa.

Wiki mbili baadaye nikiwa shambani, jirani yake, mzee mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alikuja na kiberiti mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hawa ni wako?"

Ndani ya kiberiti mlikuwa na fukusi wawili, wekundu mgongoni. Nilirukaruka kwa furaha. Yeye hakufurahi hata kidogo.

"Kumbe serikali inafuga wadudu, halafu inawaleta kwangu!"

Nilieleza, nikaeleza tena, hakuelewa. Mama akamjibu kwa Kikurya, maneno machache tu, akimwonyesha kucha zake. Mzee akaangua kicheko.

"Umemwambia nini?" nikauliza.

"Kwamba kama alama hiyo ni ya serikali, basi hata mimi nimeshasajiliwa."

Mzee akataka kuona dawa inafanya nini. Tukang'oa migomba miwili iliyokwisha kuvunwa, mmoja kila upande, tukapasua matunguu yake, yale mashina ya chini ya udongo. Lenye dawa lilikuwa jeupe, karibu safi. Lingine lilikuwa limetobolewa kila mahali, likibomoka mkononi. Mzee alilichukua, akalimenyua kwa kidole.

"Na yangu huanguka hivi. Nilidhani ni udongo umechoka," akasema.

Dawa ya kumgawia sikuwa nayo, nikamwonyesha mtego: unapasua kipande cha mgomba, unakilaza chini, asubuhi unawaokota waliojificha. Kesho yake aliniita kwa sauti yake ileile kutoka ng'ambo ya uzio, nikaenda kuwahesabu fukusi aliowanasa.

Kwenye ripoti niliandika mashamba mawili, ingawa nilikuwa nimetumwa kwa moja tu.