Taa Kubwa ya Mama Nyangau

Mong'ina, ambaye sokoni Migori kila mtu alimwita Mama Nyangau, aliuza rilei kuukuu, vile visanduku vyenye miguu ya chuma vinavyowasha taa na honi za gari, kwenye baraza la duka la vipuri la Mzee Mohamednur. Alizichomoa katika magari yaliyokufa, akazisugua kwa msasa na kuzipanga kwenye sinia kama mandazi. Kodi hakutozwa. Sharti lilikuwa moja: "Rilei yako ikirudi hapa imekufa, hata moja, wewe na sinia lako mtahama."

Mzee huyohuyo ndiye aliyemfundisha kuzisoma, mwaka wa tisini na mbili. "Achana na rangi. Tazama namba za miguu. Themanini na tano na themanini na sita ni za kuiamsha. Thelathini umeme unaingilia, themanini na saba unatokea." Ukiigusisha betri miguu ya kuamsha, rilei hulia tiki. Wauzaji wengi waliishia hapo; Mzee alimfundisha kuiungia na taa.

Ijumaa moja, Mzee akiwa msikitini, alikuja mbio Cephas, dereva wa pikapu ya samaki kutoka Sori. Taa zake za mbele zilikuwa zimekataa, na alfajiri alikuwa na mzigo.

Mong'ina akaokota rilei, akaigusisha betri. Tiki. Akaunga balbu ndogo, ikawaka.

"Basi! Lete niende," Cephas akasema, noti mkononi.

Noti ile aliitamani. Tangu asubuhi alikuwa hajauza. Lakini mguu mmoja ulikuwa mweusi. Akatoa balbu ndogo, akaunga taa nzima ya mbele ya gari. Ikawaka nyekundu, hafifu, kama kijinga cha jana.

"Mama, unapima rilei au unaipeleka shule?"

"Ndani imeungua, dereva. Umeme mdogo unapita, mwingi unakwama. Unataka ikuzimikie kwenye kona?"

"Si imelia!"

"Hata jogoo mgonjwa huwika."

Rilei pekee iliyobaki nzima ilikuwa ya miguu mitano, na Cephas akaisusa: yake ilikuwa ya minne.

"Huu wa katikati hupata umeme rilei ikiwa imelala," Mong'ina akamwambia. "Nyaya zako huchomekwa mmoja mmoja, kwa hiyo uache mtupu tu." Akaipima. Taa kubwa ikawaka nyeupe, ikawaumiza macho.

"Basi punguza bei."

"Nikipunguza bei, napunguza na mguu."

Cephas alicheka, akalipa.

Wiki mbili baadaye akarudi, rilei mkononi, na Mzee amekaa palepale barazani. Moyoni Mong'ina akaona sinia lake limeshafika barabarani.

"Imekufa?" Mzee akauliza.

"Hii ni ya ndugu yangu, alinunua kwingine. Yangu inamulika mpaka fisi wananipisha! Mama Nyangau, ipeleke shule, uipime kwa taa kubwa. Na *ero kamano*, asante sana, kwa ile uliyoninyima."

Mzee akacheka mpaka kofia ikamteleza. "Kumbe haijarudi, imekuja shule! Mama Nyangau, ingiza sinia ndani. Mvua itakuharibia mali."

"Asante, Mzee. Bila wewe mpaka leo ningekuwa nauza tiki."

Alisema kwa moyo wote. Kisha akaitazama rafu iliyo mkabala na mlango, ile mteja anayoiona kwanza.

"Niweke pale, au?"

Mzee akasonya, akaanza kushusha makopo yake ya rangi rafuni.